HESABU ZA SEKONDARI NI MALI YA KIKUNDI

(Mazungumzo kwa wenyeviti, makarani na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo ya uongozi)



Wazee wetu, akina mama, vijana, na hasa nyinyi waweka hazina mliokuja na vitabu vyenu kwapani, tunawashukuru kwa kufika. Tunajua kuna aliyeacha mahindi yameanikwa na mawingu yanakusanyika, kwa hivyo hatutarefusha maneno.

Tulipowaarifu kwamba leo tutazungumza juu ya hesabu za sekondari, mzee mmoja alituuliza, "Je, mnataka kuturudisha shule?" Hapana, mzee wetu. Lakini hesabu zile ambazo watoto wetu wanahangaika nazo usiku mezani, za uwezekano, za fankisheni na za jiometri, ndizo hizo hizo ambazo vikundi vyetu vinagombania mchana. Tofauti ni kwamba mtoto akikosea, mwalimu anamwekea alama ya kosa na kesho anajaribu tena. Kikundi kikikosea, kinapoteza pesa, au shamba, au ujirani.

UGOMVI WA KIKAPU

Tuanze na kisa. Kikundi kimoja cha akina mama, wanachama 12, kilikuwa na mchango wa mzunguko, ule tunaouita meri-go-raundi. Kila mwezi kila mmoja anatoa shilingi 500, jumla inakuwa 6,000, na mmoja wao anazibeba zote. Mwanzo wa mwaka wanapiga kura. Namba 1 hadi 12 zinaandikwa kwenye vikaratasi, vinakunjwa, vinatiwa kikapuni, kila mama anachukua chake. Mwenye namba 1 anapokea Januari, mwenye namba 12 anangoja hadi Desemba.

Mwaka huo mama mmoja alihitaji sana namba za kwanza. Binti yake wa kidato cha tatu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mama huyu alikuwa ameketi mwisho wa benchi, akachukua karatasi ya mwisho, ikawa 11. Namba 1 ilikuwa imemwangukia mwenyekiti ambaye, kama desturi yao, ndiye hushika kikapu kwanza.

Basi maneno yakaanza. "Wa kwanza kushika kikapu ndiye anakula. Sisi wa mwisho tunaokota makombo." Wiki iliyofuata akina mama watano walikuwa wamesema hawatatoa mchango tena. Tukaitwa tusuluhishe.

Tuseme ukweli: tulishindwa. Sisi tulisomea kazi ya jamii, hatukusomea hesabu. Tuliwaeleza juu ya upendo na uvumilivu, wakatusikiliza kwa heshima, na ugomvi ukabaki pale pale. Aliyetuokoa ni yule binti. Alikuwa ameketi mlangoni na daftari lake, na ndani ya daftari kulikuwa na swali ambalo alikuwa amelikosa shuleni. Mfuko una mipira mitatu, miwili myeupe na mmoja mwekundu. Watu watatu wanachukua mmoja mmoja bila kuangalia na bila kurudisha. Ni nani mwenye nafasi kubwa zaidi ya kupata ule mwekundu? Akasema, "Mama, si hili ndilo swali langu?"

Akaomba maharagwe matatu, mawili meupe na moja jekundu, akayatia ndani ya kikombe. Tulichojifunza siku hiyo ni hiki.

Tuseme mchezo huu unachezwa mara 30. Mtu wa kwanza anachukua katika maharagwe matatu, kwa hivyo kwa wastani atapata jekundu mara 10 katika zile 30. Zimebaki mara 20 ambazo yeye amekosa. Katika hizo 20, mtu wa pili anachukua katika maharagwe mawili, moja likiwa jekundu, kwa hivyo atalipata nusu yake, mara 10. Zimebaki mara 10 ambazo wote wawili wamekosa. Hapo wa tatu hana la kuchagua, lililobaki ni jekundu, naye analipata mara 10. Kumi, kumi, kumi. Hakuna aliyependelewa.

Mwanafunzi huandika hivi: wa kwanza ni 1/3. Wa pili ni 2/3 mara 1/2, ambayo ni 1/3. Wa tatu ni 2/3 mara 1/2 mara 1, ambayo pia ni 1/3. Kwa akina mama 12 ni vivyo hivyo. Wa kwanza ana nafasi 1/12. Wa pili ni 11/12 mara 1/11, na zile 11 zinafutana, inabaki 1/12. Endelea mpaka wa kumi na mbili, jibu halibadiliki.

Mama mmoja alikataa. Akasema, "Lakini wa kwanza akishachukua namba 1, mimi nimebaki na nini?" Hilo ni swali zuri sana, na ndipo watu wengi hukwama. Ni kweli, akiichukua, nafasi yako imekwisha. Lakini asipoichukua, nafasi yako imekuwa nzuri kuliko yake, kwa sababu karatasi zimepungua na namba 1 bado imo. Hasara ya upande mmoja na faida ya upande wa pili zinalingana, kama mizani.

Mnaweza kujaribu nyumbani leo jioni kwa maharagwe. Msitegemee kupata 10, 10, 10 sawasawa. Mnaweza kupata 8, 13 na 9. Bahati haitembei kwa mstari ulionyooka. Lakini mkiendelea hadi mara mia tatu mtaona hesabu za watatu hao zinakaribiana kwa kadiri ya sehemu.

Sasa sikilizeni neno hili, waweka hazina. Hesabu hii ni kweli ikiwa tu karatasi zote zinafanana, zimekunjwa sawa, zimechanganywa, na hakuna anayejua kilichomo. Kama aliyeandika karatasi ndiye anachukua wa kwanza, na namba 1 ameikunja mara mbili na nyingine mara tatu, hiyo si bahati tena, ni wizi. Kwa hivyo kikundi kile kilibadilisha desturi mbili. Karatasi sasa zinakunjwa na mtu asiye mwanachama, na hakuna anayefungua yake mpaka kila mtu amechukua.

Na yule mama wa namba 11? Hesabu ilionyesha kwamba hakuibiwa, lakini haikumlipia karo. Mwenye namba 2 alisimama akasema, "Mimi nilitaka kununua mabati, na mabati yanaweza kungoja." Wakabadilishana karatasi mbele ya kikundi, karani akaandika. Wale watano walirudi. Binti naye alirudi shule mwezi wa pili.

ONA, AMUA, TENDA

Tulipoulizana jinsi binti yule alivyotatua jambo ambalo sisi wazima tulilishindwa, tuligundua kwamba alifuata njia ambayo sisi katika Kanisa tunaifahamu. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo tumefundishwa kusema Ona, Amua, Tenda. Njia hiyo ilienezwa na padre Mbelgiji, Joseph Cardijn, aliyefanya kazi na vijana wa viwandani, na Papa Yohane wa 23 akaipendekeza katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961.

Kuna mwalimu wa hesabu, George Pólya, mzaliwa wa Hungaria, ambaye mwaka 1945 alitoa kitabu juu ya namna ya kutatua maswali ya hesabu. Naye alitaja hatua nne: kwanza lielewe swali, pili panga njia, tatu ifuate njia hiyo, nne rudi nyuma uangalie jibu. Mnaona? Kuona, kuamua, kutenda, na kisha kujikagua.

Watoto wetu wengi huanguka katika ile hatua ya kwanza. Wanaona namba na wanaanza kuzidisha kabla ya kuuliza, "Swali linataka nini? Nimepewa nini?" Nasi katika vikundi tunafanya vivyo hivyo na pesa. Tunasaini kwanza, tunauliza baadaye. Katika mifano mitatu inayofuata, angalieni jinsi kuuliza swali sawasawa kunavyokuwa nusu ya jibu.

BAHATI YA SIMU

Vijana, hapa tunawalenga nyinyi, lakini kwa upendo. Kuna kikundi cha vijana kilichokuwa na kitalu cha miche. Pesa za kununua mifuko ya plastiki na mbegu ziliwekwa kwa simu ya mweka hazina. Jumamosi moja alizicheza zote kwenye mechi za mpira. Hakuwa mwizi kwa tabia. Aliamini atazizidisha, alipe kikundi, na chenji abaki nayo. Kitalu kilikauka msimu ule.

Tulipoketi naye, tulimuuliza swali moja: "Nafasi yako ilikuwa ngapi?" Hakuwa amewahi kujiuliza. Tukahesabu pamoja.

Mechi moja ina matokeo matatu: timu ya nyumbani ishinde, wageni washinde, au watoke sare. Mtu anayebahatisha tu ana nafasi 1 katika 3. Mechi mbili, lazima zote ziwe sawa, ni 3 mara 3, yaani 1 katika 9. Mechi tatu ni 1 katika 27. Uwezekano wa mambo yasiyotegemeana, ambayo lazima yote yatokee, huzidishwa, haujumlishwi. Sasa chukua ile zawadi kubwa ya kubahatisha mechi 17. Zidisha 3 kwa 3 mpaka ufikishe tatu 17. Jibu ni 129,140,163. Nafasi moja katika zaidi ya milioni 129.

Kijana akasema, "Lakini mimi nazijua timu. Sibahatishi." Sawa, tumpe heshima yake. Tuseme anajua mpira hata kwamba katika kila mechi mbili anapatia moja. Hapo tunazidisha 2 kwa 2, mbili 17, tunapata 131,072. Akicheza tikiti moja kila siku bila kukosa, kwa wastani itachukua miaka 359 kwa ushindi mmoja. Hata kama babu wa babu yake angekuwa ameanza, miaka hiyo isingekuwa imetimia.

Kuna uongo mwingine ambao bahati hutuambia. "Nimepoteza mara tano, sasa ni zamu yangu." Shilingi ukiirusha ikaanguka upande wa kichwa mara tano mfululizo, mara ya sita nafasi ya kichwa ni nusu ile ile. Shilingi haina kumbukumbu. Haijui kwamba wewe ni maskini wala kwamba umefunga na kusali.

Mtatuuliza, "Na ile rafo ya parokia je?" Tuwe wakweli hapo pia. Tuseme tikiti 1,000 zinauzwa kwa shilingi 50, na zawadi ni mbuzi wa shilingi 8,000. Gawa 8,000 kwa 1,000, unapata 8. Kila tikiti ya shilingi 50 inarudisha shilingi 8 kwa wastani. Zile 42 ni sadaka yako ya kujenga zahanati au darasa, na ni vizuri ujue hivyo unapotoa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya bahati si dhambi yenyewe, bali inakuwa mbaya inapomnyima mtu yale ya lazima kwa mahitaji yake na ya wenzake. Pesa za miche ya kikundi ni mahitaji ya wenzake.

KINU CHA POSHO NA MKOPO

Sasa tuje kwa neno ambalo linatisha wanafunzi: fankisheni. Ukitaka kulielewa, nenda kwenye kinu cha posho. Unatia mahindi juu, unapata unga chini. Ukitia wimbi, unapata unga wa wimbi. Kinu ni kile kile na kanuni yake ni ile ile, na ukitia kitu kile kile, unapata matokeo yale yale. Fankisheni ni kinu cha namba. Unatia namba moja, kanuni inaisaga, inatoka nyingine. Mwanafunzi akiandika f(x) = 10,000 + 200x, anasema hivi: tia idadi ya miezi, izidishe kwa 200, ongeza 10,000, hilo ndilo deni lako.

Kila mkopo una kinu chake. Shida ni kwamba wengi wetu tunaangalia mahindi tunayotia na hatuangalii kinu.

Chukueni mkopo wa shilingi 10,000, kulipwa kwa miezi 10. Wakopeshaji wawili wanasema neno moja: "Riba yetu ni asilimia 2 kwa mwezi." Je, wako sawa?

Wa kwanza anatoza asilimia 2 ya mkopo wa mwanzo kila mwezi, hata kama umeshalipa sehemu. Asilimia 2 ya 10,000 ni 200. Miezi 10 ni 2,000. Utalipa jumla 12,000.

Wa pili anatoza asilimia 2 ya deni lililobaki. Kila mwezi unarudisha 1,000 ya mkopo. Mwezi wa kwanza unadaiwa 10,000, riba ni 200. Mwezi wa pili unadaiwa 9,000, riba ni 180. Mwezi wa tatu 8,000, riba 160. Inashuka hivyo mpaka mwezi wa kumi, ambapo riba ni 20. Jumlisheni zote: 1,100. Utalipa jumla 11,100.

Asilimia ni moja, mkopo ni mmoja, miezi ni ile ile. Tofauti ni shilingi 900. Hizo 900 zimejificha katika swali ambalo hatukuuliza: "Asilimia 2 ya nini?" Akina mama, andikeni swali hilo kwenye jalada la kitabu. Kabla ya kikundi kusaini mkopo wowote, mtu asimame aulize, "Asilimia ya nini, na kwa muda gani?"

Kuna kinu cha tatu, na hicho ni kikali. Ni cha yule mkopeshaji wa mtaani anayekupa 5,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi, na usipolipa, riba inaongezwa kwenye deni nayo inazaa. Mwezi wa kwanza deni ni 6,000. Wa pili 7,200. Wa tatu 8,640. Wa nne 10,368. Kwa miezi minne deni limezidi maradufu na hujakopa senti nyingine. Mkichora grafu ya mkopeshaji wa kwanza mtaona mstari ulionyooka unaopanda polepole. Mkichora ya huyu mtaona mstari unaopinda kuelekea juu, na kadiri unavyokwenda ndivyo unavyozidi kusimama. Ng'ombe wengi wameondoka zizini kwa mstari huo.

KAMBA YENYE MAFUNDO 12

Wa mwisho ni jiometri. Hapa mafundi wetu wanajua kuliko walimu. Fundi akitaka kona ya nyumba iwe mraba, anapima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha anaangalia kama kutoka ncha hadi ncha ni mita 5. Ikiwa ni 5, kona ni mraba. Hiyo ndiyo kanuni ya Pithagora: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, na 25 ni 5 mara 5. Kikundi chaweza kutengeneza chombo hicho bila gharama. Chukueni kamba, ifungeni iwe mviringo wenye sehemu 12 zilizo sawa, wekeni fundo kwa kila sehemu. Watu watatu waivute: upande wa sehemu 3, upande wa 4, upande wa 5. Kona ya kati ya 3 na 4 ni pembe mraba.

Kamba hiyo ingeokoa kikundi kimoja tunachokifahamu. Walikuwa wananunua kipande cha shamba mlimani, chenye vichaka. Muuzaji alisema, "Ni mita 40 kwa 30." Wakapima kingo zote nne: 40, 30, 40, 30. Wakaridhika. 40 mara 30 ni mita mraba 1,200. Wakalipa.

Walipokuja kuweka ua ndipo wakaona. Shamba lilikuwa limeinama, kama sanduku lililosukumwa ubavuni. Kingo ni zile zile, lakini ukipima kutoka ukingo wa mita 40 moja kwa moja kwa pembe mraba hadi ukingo wa ng'ambo, ni mita 27 tu, si 30. Eneo lake ni 40 mara 27, yaani mita mraba 1,080. Walikosa mita mraba 120, sehemu moja ya kumi ya ardhi waliyolipia. Kama bei ni shilingi 500,000, hiyo ni shilingi 50,000 iliyoingia hewani.

Wangejuaje? Kwa kupima mishazari, yaani kutoka kona hadi kona ya ng'ambo. Katika shamba la mraba wa kweli la 40 kwa 30, mishazari yote miwili ni mita 50. Katika lile lao, mmoja ulikuwa karibu mita 60 na wa pili karibu mita 38. Mishazari ikitofautiana na kingo zikilingana, jua shamba limeinama. Ni kazi ya dakika kumi.

Tusieleweke vibaya. Kamba haiondoi sorveya wala kutafuta rekodi kwenye ofisi ya ardhi, wala kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi kwa shamba la kilimo. Lakini kamba inakusaidia kujua mapema kama kuna jambo la kuuliza.

Neno moja juu ya matangi ya maji, kwa sababu vikundi vingi vinajenga. Tangi la mviringo lenye kipenyo cha mita 2 na kimo cha mita 2 lina nusu kipenyo cha mita 1. Ujazo wake ni 22/7 mara 1 mara 1 mara 2, ambayo ni karibu mita za ujazo 6.286, yaani lita 6,286. Ukiongeza kimo maradufu, maji yanakuwa maradufu, lita 12,571. Ukiongeza kipenyo maradufu na kimo kikabaki kile kile, maji yanakuwa mara nne, zaidi ya lita 25,000. Watu hushangaa. Sababu ni kwamba nusu kipenyo kinazidishwa kwa chenyewe. Lakini msikimbilie tangi pana bila kumuuliza fundi. Sakafu na paa navyo vinakuwa mara nne, na ukuta wa duara kubwa unahitaji chuma zaidi.

TUNACHOWAOMBA

Tunawaomba mambo matatu.

La kwanza, msiwaambie watoto, "Hata mimi hesabu zilinishinda." Mtoto akisikia hivyo anaona ni urithi wa ukoo. Muulize badala yake, "Swali linataka nini? Umepewa nini?" Huhitaji kujua jibu ili kuuliza hivyo, na mara nyingi mtoto akikueleza wewe, analiona jibu mwenyewe.

La pili, kila kikundi kimkaribishe mwanafunzi mmoja wa sekondari wakati wa likizo aketi na mweka hazina siku moja. Yeye alete daftari lake, mweka hazina alete kitabu cha kikundi. Kila mmoja atajifunza.

La tatu, kabla ya kura, kabla ya mkopo, kabla ya kununua shamba, mtu mmoja apewe kazi ya kusema, "Tuhesabu kwanza." Asichukuliwe kuwa mkorofi. Huyo anawapenda.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, kura yenu hupigwa vipi? Nani huandika karatasi, nani huzikunja, na ni lini zinafunguliwa?

2. Mkodishaji mmoja wa hema na viti anataka shilingi 3,000 na shilingi 20 kwa kila kiti. Mwingine anataka 1,500 na shilingi 50 kwa kila kiti. Mtamchukua nani kwa mkutano wa watu 30? Na kwa mazishi ya watu 200? Ni kwa viti vingapi ambapo bei zao zinalingana?

3. Mvua ya milimita moja juu ya mita mraba moja ya mabati ni lita moja ya maji. Paa limefunika mita 10 kwa 6, na mvua ya milimita 20 imenyesha. Ni lita ngapi, kama hakuna inayomwagika?

(Majibu: Swali la 2: kwa watu 30, wa pili, shilingi 3,000 badala ya 3,600. Kwa watu 200, wa kwanza, shilingi 7,000 badala ya 11,500. Wanalingana kwa viti 50, shilingi 4,000. Swali la 3: lita 1,200.)

Mvua imetuhurumia kidogo, kimbilieni mahindi yenu.